Pengo Kati ya Mti na Kidonge

Barabara ya Lourdel pale Wandegeya si ndefu, lakini imebeba mambo mazito. Makao makuu ya Wizara ya Afya ya Uganda yako hapo. Maabara ya serikali inayochunguza sumu, vyakula na vielelezo vya polisi iko hapo. Na hapo hapo ipo taasisi ya utafiti wa dawa za asili, NCRI, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na kuongozwa kwa muda mrefu na Dk. Grace Nambatya Kyeyune. Huko ndiko majani, magome na mizizi ya waganga wa jadi hupelekwa ili vichunguzwe. Upande mmoja wa Wandegeya ni Chuo Kikuu cha Makerere na idara yake ya kemia; upande wa pili ni Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa. Mwanafunzi anayenunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, karibu na soko anaweza kuvifikia vyote hivyo kwa miguu.

Ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo mti, maabara, mgonjwa na serikali vimekaa karibu namna hii. Na bado, katika dawa zote za virusi zinazotumika hospitalini leo, hakuna hata moja ambayo molekuli yake ilibuniwa Kampala. Akili tunazo, na mimea tunayo. Kinachokosekana ni hatua moja ya katikati, ambayo watu wengi hawajui hata kwamba ipo, na ambayo bajeti zetu hazijawahi kuipa uzito wake.

Nianze na habari tunayoisoma mara kwa mara magazetini: kampaundi fulani, iwe ya mmea au ya kutengenezwa, "imeua virusi" maabara. Mara nyingi habari hiyo ni ya kweli. Shida ni uzito tunaoipa.

Kinachofanyika ni hiki. Mtaalamu anachukua sahani ya plastiki yenye visima vidogo. Chini ya kila kisima kuna tandiko moja la seli hai, mara nyingi seli za Vero, ambazo asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika na zimekuwa zikikuzwa maabara tangu 1962. Anatia virusi, kisha anatia kampaundi yake: nyingi katika kisima cha kwanza, pungufu katika cha pili, pungufu zaidi katika cha tatu. Baada ya siku tatu hivi anamwaga maji yote na kutia rangi ya zambarau. Seli zilizo hai zimeshikamana na sakafu ya kisima, kwa hiyo zinashika rangi. Pale virusi vilipozaliana, seli zimekufa na kubanduka, na pamebaki tundu lisilo na rangi. Anainua sahani kwenye mwanga wa dirisha na kuyahesabu matundu hayo kwa jicho. Kisima kisicho na dawa kimetobokatoboka. Kisima chenye dawa kali ni zambarau tupu. Ni picha ya kupendeza, na ndiyo inayomfanya mtafiti kijana ampigie simu msimamizi wake usiku.

Lakini hata jiki hufuta virusi vyote kisimani. Kwa hiyo kuna sahani ya pili, isiyo na virusi, ambayo kazi yake ni kuonyesha ni kiasi gani cha kampaundi kinaua seli zenyewe. Ukigawa kiasi kinachoua nusu ya seli kwa kiasi kinachozuia nusu ya virusi, unapata namba moja. Kama ni 2 au 3, umepata sumu inayochelewa. Kama ni 100 au 1,000, una jambo la kuzungumza. Ukisoma habari ya kampaundi mpya bila kuikuta namba hiyo, bado hujaambiwa kitu.

Hata namba hiyo ikiwa nzuri, linabaki swali la damu. Aprili 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitangaza kwamba ivermectin, dawa ya minyoo tunayoifahamu sote, inazuia virusi vya corona kwenye seli za Vero. Ilikuwa kweli. Ila kiasi walichotumia kisimani kilikuwa maikromola 5, na mtu akimeza dozi ya kawaida, damu yake haifiki hapo hata kidogo. Inabaki chini mara makumi kadhaa. Ili kufikia kiwango kile mwilini, mgonjwa angelazimika kumeza dozi ambayo haijawahi kuthibitishwa kuwa salama. Klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini zilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Kwenye seli za figo za tumbili zilifanya kazi. Mwezi Julai mwaka huo huo, watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kwenye seli za mapafu ya binadamu klorokwini haikuzuia chochote, kwa sababu kule kirusi kinaingia kwa mlango mwingine. Jaribio kubwa la Uingereza, RECOVERY, lilikwishatoa jibu kwa wagonjwa wenyewe: waliopewa haidroksiklorokwini walifariki asilimia 27, na wasiopewa asilimia 25. Dawa iliyong'aa kisimani haikumwokoa mtu kitandani.

Kirusi ni kitu kigumu kukitibu kwa sababu hakina mwili wake. Bakteria ana ukuta, ana mitambo yake ya kutengeneza protini, kwa hiyo penisilini inapata mahali pa kumpiga bila kutugusa. Kirusi kinatumia seli zetu. Karibu kila unachoweza kukiharibu ili kukizuia ni chetu. Ndiyo maana kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba dawa ya virusi isiyo sumu kwa mgonjwa haiwezekani. Imani hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1970 na asaiklovia, dawa ya malengelenge, iliyotoka katika maabara za Burroughs Wellcome alikofanya kazi Gertrude Elion. Molekuli ya asaiklovia inapoingia mwilini haifanyi chochote. Seli yenye afya haina namna ya kuiamsha. Seli yenye virusi vya malengelenge ina kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na hicho ndicho kinachoiamsha, kisha dawa inakatiza unakili wa DNA ya kirusi. Kirusi kinajifunga kwa mkono wake. Mwaka 1988 Elion alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Hitchings na James Black.

Elion hakuwahi kupata shahada ya uzamivu kwa kusoma. Nalitaja kwa ajili ya vijana wanaodhani kemia ya dawa ni kazi ya watu wenye vyeo virefu. Alichokuwa nacho ni benchi, vitendanishi na wenzake wa kubishana nao kila siku, na hayo matatu ndiyo ninayoyadai kwa Wandegeya.

Kabla sijafika huko, niuguse ugomvi unaotupotezea muda, wa mitishamba dhidi ya "makemikali". Upande mmoja unaona kila kinachotoka kiwandani ni sumu ya kigeni. Upande wa pili unaona kila mzizi ni ushirikina. Historia ya dawa za virusi inawakataa wote wawili. Katika miaka ya 1950 mkemia Werner Bergmann alichunguza sifongo wa bahari ya Karibiani, akakuta ndani yake vipande vinavyofanana na herufi za DNA, ila sukari yake ni tofauti. Kutoka kwa sifongo huyo wakemia walipata wazo: ukibadilisha sukari kidogo, unaweza kumdanganya anayenakili. Vidarabine, moja ya dawa za kwanza za virusi, imejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1964 Jerome Horwitz, Detroit, alitengeneza molekuli ya aina hiyo akitafuta tiba ya saratani. Haikusaidia saratani, ikawekwa kando. Miaka 20 baadaye ilijaribiwa dhidi ya VVU, na Machi 1987 ikaidhinishwa Marekani kwa jina la AZT. Chukua pia oseltamivir, dawa ya mafua makali, ambayo kiwandani ilianza na asidi inayotolewa katika tunda la anisi ya nyota, kiungo cha mapishi ya Kichina. Mmea ulitoa kiunzi. Mkemia akafanya kilichobaki. Kwenye kidonge cha mwisho huwezi tena kusema sehemu ipi ni ya msitu na ipi ni ya kiwanda.

Sasa tuje nyumbani, maana Uganda katika habari hii si mtazamaji. Katika kupima dawa za virusi kwa binadamu, nchi hii imefanya kazi ambayo dunia nzima inaitegemea, na hatuisemi vya kutosha.

Mfano wa kwanza ulikuwa wa kukanusha. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, interferoni ya kumeza kwa dozi ndogo, kutoka taasisi ya KEMRI chini ya Dk. Davy Koech. Rais Moi mwenyewe aliizindua. Watu walifurika Nairobi kutoka kila upande wakitafuta uponyaji wa UKIMWI. Madaktari wa Kampala, akiwemo Elly Katabira, Nelson Sewankambo na Roy Mugerwa, walifanya kilicho kigumu: waliigawia dawa hiyo kwa kura nusu ya wagonjwa zaidi ya 500, na nusu nyingine wakapewa kidonge kisicho na dawa, pasipo mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa 1998. Hakukuwa na tofauti. Ilihitaji ujasiri, kwa sababu kila mgonjwa na kila mwanasiasa alitaka jibu lingine.

Mfano wa pili ni nevirapine, na hapa nataka kukaa kidogo. VVU vina kimeng'enya kinachonakili RNA yao kuwa DNA. Kimeng'enya hicho kina umbo la mkono wa kulia uliofumbwa nusu, na vidole vyake lazima vijongee ndipo kazi iende. Nevirapine haigusi mahali pa kunakili. Inaingia katika upenyo mdogo kando yake na kukaa humo kama kabari iliyopigwa kwenye bawaba ya mlango. Mlango upo mzima, ila haufungui wala haufungi. Molekuli yenyewe ni ndogo, ni rahisi kuitengeneza, inavuka kondo la nyuma kwa haraka, na inakaa mwilini siku kadhaa. Sifa hizo nne zilimfaa mtu mmoja mahsusi: mama anayefika hospitali uchungu umeshaanza, ambaye hakuwahi kuhudhuria kliniki.

Kati ya 1997 na 1999, timu ya Profesa Francis Mmiro, Philippa Musoke, Laura Guay na Brooks Jackson ilifanya Mulago jaribio lililoitwa HIVNET 012. Mama alimeza kidonge kimoja cha miligramu 200 uchungu ulipoanza. Mtoto alipewa matone ya dawa hiyo mara moja ndani ya siku tatu za kwanza. Basi. Watoto wa wiki 14 hadi 16 walipopimwa, waliokuwa na virusi ni asilimia 13.1, wakati katika kundi lililopewa AZT kwa muda mfupi walikuwa asilimia 25.1. Gharama ya dozi hiyo ilikuwa dola chache tu. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo Septemba 1999, na utaratibu huo ukaenea katika nchi maskini duniani kote. Baadaye yalizuka malalamiko Marekani kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za jaribio lile. Jopo huru la Taasisi ya Tiba ya huko lilichunguza, na mwaka 2005 likasema matokeo yanasimama.

Dawa ile ilikuwa na udhaifu, na udhaifu wenyewe ni somo la kemia. Kwa kuwa kabari imeshikiliwa na sehemu chache tu za upenyo, kirusi kikibadilisha asidi amino moja, kabari inachomoka. Takriban mama mmoja kati ya wanne alikutwa na virusi sugu wiki chache baada ya dozi ile moja. Ndiyo maana kuanzia 2012 Uganda iliingia katika utaratibu wa kumpa kila mjamzito mwenye VVU mchanganyiko wa dawa tatu maisha yake yote. Kirusi kikitaka kutoroka sasa kinapaswa kubadilika mahali patatu kwa wakati mmoja.

Moja kati ya hizo tatu ni tenofovir. Ilibuniwa na Antonín Holý wa Prague, akishirikiana na Erik De Clercq wa Leuven. Ilikuwa na nguvu sana kisimani lakini haikufaa kumezwa, kwa sababu ina chaji za umeme zinazoizuia kupenya ukuta wa utumbo. Wakemia walizifunika chaji hizo kwa vipande viwili vinavyodondoka ikishaingia mwilini, na ndipo ikawa kidonge, kilichoidhinishwa 2001. Jaribio la DART, lililowahusisha wagonjwa 3,316 wa Entebbe, Kampala na Harare kuanzia 2003, liliitumia kwa wagonjwa wengi, na likaonyesha kwamba matibabu yanaweza kutolewa salama hata pale ambapo hakuna vipimo vya mara kwa mara vya maabara. Mamilioni ya Waafrika wanaomeza kidonge kimoja kwa siku leo wananufaika na hesabu zilizofanyika katika mitaa hii yetu.

Na jaribio la karibuni zaidi ndilo kubwa kuliko yote. Lenacapavir ni molekuli ambayo hakuna mti ungeweza kuitoa: ina atomi 10 za florini, zilizopangwa ili vimeng'enya vya ini vishindwe kuivunja. Inabana ganda la kirusi, ganda ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa haliwezi kushikwa na dawa. Kwa kuwa haiyeyuki kirahisi majini, ikichomwa chini ya ngozi inakaa na kutoka kidogo kidogo kwa miezi sita. Jaribio la PURPOSE 1 lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Juni 2024 matokeo yalitangazwa: kati ya 2,134 waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya siku zote, waliambukizwa 16. Sifuri ni namba ambayo katika taaluma yangu huwezi kuizoea.

Majirani zetu wa Kongo nao wametoa mafundisho yao, na yalikuwa machungu zaidi. Dawa ya remdesivir ilipochapishwa 2016 ilikuwa imewaokoa tumbili wote wenye Ebola waliopewa dozi ya juu. Kisha likaja jaribio la PALM, kuanzia Novemba 2018, huko Beni, Butembo na vitongoji vyake, likiongozwa na taasisi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe katikati ya vita. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika makundi manne. Waliopewa remdesivir walifariki asilimia 53; waliopewa kingamwili mAb114, ambayo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walifariki asilimia 35. Miaka michache baadaye hadithi ilijirudia kwa mpox. Tecovirimat iliidhinishwa Marekani 2018 kwa ajili ya ndui kwa ushahidi wa wanyama, kwani ndui ilikwisha duniani. Ilipopimwa Kongo kwa wagonjwa 597 wa mpox huko Tunda na Kole, vidonda havikupona haraka zaidi ya vya waliopewa kidonge kitupu. Lakini katika makundi yote mawili vifo vilikuwa asilimia 1.7, chini ya nusu ya vile vya kawaida nchini humo. Kilichowaokoa ni kulazwa, kulishwa na kutibiwa vidonda vilivyooza. Anayetafuta molekuli hapaswi kusahau uji na muuguzi.

Basi mwisho wa njia tunaujua. Mwanzo wake nao tunao, pale Lourdel. Kati yake pana nini?

Chukua mti uitwao mugariga. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI walichapisha kwamba mzizi wake unazuia virusi vya malengelenge kwenye seli na kwa panya. Mwaka 2011 mti huo huo ulichemshwa kijijini Samunge, Loliondo, Tanzania, na Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na malori ya watu yakapanga foleni kilomita nyingi kupata kikombe cha shilingi 500. Walikuwemo wenye VVU walioacha dozi zao. Kati ya panya wa 2006 na kikombe cha 2011 kulikuwa na miaka mitano, na miaka hiyo ilipita bila kupatikana benchini jibu ambalo lingewafaa watu wale: ni kampaundi ipi katika mzizi ule inayofanya kazi, ina umbo gani, inafika kwenye damu kwa kiasi gani, inadhuru ini kuanzia dozi ipi. Mzizi una mamia ya kampaundi, na kiasi cha kila moja hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mti. Bila kuichomoa ile moja na kuijua, kila kikombe ni dawa nyingine.

Covidex ya Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara ilikumbana na jambo hilo hilo. Juni 2021, wimbi la corona likiwa kileleni, mamlaka ya dawa, NDA, iliiruhusu kama dawa ya asili ya kusaidia matibabu, ikasisitiza kwamba haijathibitishwa kutibu. Naheshimu juhudi ile. Lakini kuichanganya mimea vizuri na kuiweka kwenye chupa hakuijazi nafasi ya kuivunja vipande na kuijenga upya.

Kazi ya katikati ni ya polepole na haina kamera. Mkemia anachukua kampaundi iliyochomolewa, anabadilisha pembe moja, anapima. Inayeyuka zaidi, lakini ini linaivunja kwa dakika 10. Anaweka florini. Sasa ini limeshindwa, lakini inagusa umeme wa moyo. Anarudi nyuma. Anatengeneza ya 40, ya 90, ya 200. Kila moja inahitaji kuthibitishwa kwa mashine zinazotaka umeme usiokatika na heliamu inayoletwa kwa ndege, na kwa vitendanishi ambavyo vikikwama forodhani wiki sita huharibika. Ninapowasikia watunga sera wakisema tuna "maabara ya kisasa", huwa nauliza jambo moja tu: umeme ukikatika saa nane usiku, nani anaamka?

Kazi hiyo inaweza kufanyika Afrika. Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D Cape Town mwaka 2010. Mwaka 2014 molekuli ya malaria iliyotoka katika kazi yao, MMV048, iliingia majaribio ya binadamu. Baadaye ilisimamishwa kwa sababu ya dalili za sumu kwa wanyama. Wengine wataona huko ni kushindwa. Mimi naona ni kituo cha Kiafrika kilichoweza kutengeneza molekuli, kuipeleka mbali, na kuwa na uaminifu wa kuisimamisha. Na wakemia waliofundishwa kwa molekuli ile wapo, wanaendelea na nyingine.

Hoja ninayoipata mara nyingi ni ya pesa: India wanatengeneza kwa bei nafuu, sisi tununue. Kwa VVU hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 2000 dozi za mwaka mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai ilitoa bei ya dola 350. Leo mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir haufiki dola 45. Profesa Peter Mugyenyi wa kituo cha utafiti cha JCRC alipigana mapema kuleta Uganda dawa hizo za bei nafuu, na kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa 2007, kinakandamiza vidonge. Ila hata Luzira viambato hai vinatoka nje.

Hoja hiyo inakufa tukifika kwenye Ebola ya aina ya Sudan. Iliua watu 224 kati ya 425 waliougua mwaka 2000, Gulu, akiwemo Dk. Matthew Lukwiya aliyekuwa akiwatibu. Ilirudi Mubende 2022 na kuua 55 kati ya 142 waliothibitishwa. Januari 2025 iliingia Kampala yenyewe, na aliyethibitishwa wa kwanza alikuwa muuguzi wa Mulago, jirani kabisa na Wandegeya. Kingamwili zilizofaulu Kongo hazijathibitishwa kufanya kazi dhidi ya aina hii ya kirusi. Kuna vidonge vya obeldesivir, ambavyo 2024 vilionyeshwa kuwakinga tumbili wote waliopewa kwa siku 10, lakini PALM imetufundisha tumbili ni nani. Hakuna kampuni itakayotajirika kwa ugonjwa unaozuka katika nchi moja au mbili kila baada ya miaka kadhaa. Vivyo hivyo Zika, iliyogunduliwa msituni karibu na Entebbe 1947, na West Nile, iliyogunduliwa Uganda 1937: hadi leo hazina dawa iliyoidhinishwa. Virusi vimebeba majina ya mahali petu. Tukisubiri soko lituletee dawa zake, tutasubiri sana.

Ninachokiomba si jengo jipya. Kemia ya kutengeneza molekuli haihitaji kirusi hai cha Ebola. Inahitaji protini ya kirusi iliyotengenezwa maabara, isiyoambukiza, na virusi vyenyewe vikabaki kwa wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, Entebbe. Inahitaji kikundi cha wakemia 10 au 12 wenye mishahara ya miaka 10, wasiohama kila mradi unapokwisha. Inahitaji NCRI iwape kampaundi zake, Makerere iwape wanafunzi, Mulago na taasisi ya magonjwa ya kuambukiza, IDI, ziwaambie mapema mgonjwa anahitaji dawa ya aina gani, na forodha iwape njia ya haraka ya vitendanishi. Na matokeo yaliyoshindikana yachapishwe kama yaliyofaulu, ili kijana wa mwaka 2035 asirudie mzizi ule ule.

Oktoba 2024 mwenye haki ya lenacapavir, kampuni ya Gilead, alitoa leseni kwa viwanda sita kuitengeneza kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120. Vinne ni vya India, kimoja ni cha Pakistan, kimoja cha Misri. Wasichana wa Uganda walikuwa miongoni mwa waliotoa damu zao ili dunia ijue kwamba inafanya kazi. Kusini mwa Sahara hakuna kiwanda hata kimoja kilichopewa leseni hiyo wakati ule. Wizara ya Afya, mnaoamua mko kwenye barabara ile ile na benchi tunalolihitaji. Wekeni wakemia hao katika bajeti ijayo.